Maji Yafanyayo Kazi Ntaruka

Wengi wetu huwasha taa jioni bila kujiuliza umeme umetoka wapi. Mimi nami nilikuwa hivyo mpaka likizo iliyopita, nilipofuatana na mjomba wangu kwenda Rwanda. Tulivuka mpaka pale Cyanika, na baada ya safari isiyo ndefu tukafika Ntaruka, penye kituo cha umeme kilichoanza kazi mwaka 1959.

Hapo pana maziwa mawili jirani: Burera, na chini yake kwa kiasi cha mita 100, Ruhondo. Tofauti hiyo ndiyo mali yote ya kituo. Maji ya Burera huteremka ndani ya bomba kubwa, na kadiri yanavyoshuka ndivyo msukumo wake unavyozidi. Huko chini hupiga makafi ya gurudumu la chuma liitwalo tabini, nalo huzunguka kwa kasi. Mhimili wake huzungusha sumaku za jenereta, na sumaku zinapopita mbele ya nyaya za shaba, umeme huzaliwa ndani ya nyaya hizo. Kisha transfoma huongeza volti, ili umeme usipotee sana njiani.

Mitambo ni mitatu, na nguvu zake zote pamoja ni megawati 11.25. Maji hayapungui, huingia Ruhondo, kisha huzungusha mitambo ya kituo kingine, Mukungwa.

Nikauliza, "Mjomba, basi umeme huu hauwezi kwisha?"

Akacheka. "Mwanangu, uliwahi kukaribia kwisha."

Akanieleza kwamba Burera hulishwa na kinamasi cha Rugezi, ambacho hushika maji ya mvua na kuyaachia polepole. Watu walichimba mifereji wakakikausha wapate kulima. Ukaja na ukame, na kituo nacho kikazidi kuvuta maji. Kufika mwaka 2004 ziwa lilikuwa limeshuka sana, umeme wa Ntaruka ukapungua, na nchi ikalazimika kuchoma dizeli kwa gharama kubwa. Serikali ikazuia kilimo kinamasini, na waliokuwa wakilima humo wakakosa mashamba yao. Baadaye maji yakapanda tena.

Basi, ndugu wasomaji, nilikwenda kutazama mashine, nikarudi nikiwaza habari za matope na mafunjo. Tabini haina nguvu yake yenyewe. Huazima ya maji, na maji huanzia mbali na kituo.