Kereng'ende aliyepewa jina la Maathai

KERENG'ENDE ni mdudu anayejulikana sana mashambani, lakini wachache wanafahamu kwamba mmoja wa jamii hiyo anaitwa kwa jina la marehemu Profesa Wangari Maathai. Watafiti Viola Clausnitzer na Klaas-Douwe Dijkstra walimpa jina la Notogomphus maathaiae mnamo 2005, mwaka mmoja baada ya mwanamazingira huyo kutuzwa Nobel ya Amani.

Heshima hiyo haikutolewa ovyo. Mdudu huyu huishi kwenye vijito vya misitu ya nyanda za juu za Kenya. Buu lake hukulia majini, likiwinda viumbe wadogo, kabla ya kuota mabawa. Miti ya kando ikikatwa, maji hukosa kivuli, nao udongo humomonyoka na kuyachafua. Wanakijiji walio chini huchota maji hayo hayo.