Gundi ya Lateksi Huzuia Rangi ya Vitambaa Kuchuja
TABORA – Mji huu, uliopokea merikani na kaniki kwa njia ya misafara ya karne ya 19, unaweza kuuza vitambaa uliovichapa wenyewe, iwapo rangi yake haichuji.

Rangi ya unga haishikani na pamba yenyewe. Hushikiliwa na gundi ya lateksi, ambayo ikikauka huwa utando unaofunika chembe za rangi. Gundi ikipungua, rangi hubanduka. Ikizidi, kitambaa hukakamaa.

Kitambaa kilichochapwa kikaushwe, kisha kipewe joto la takriban nyuzi 150 za Selsiasi kwa dakika 3 hadi 5. Kabla ya kuuza, kisuguliwe kwa kitambaa cheupe chenye unyevu: kikibaki cheupe, rangi imeshika.

Wajasiriamali wanahimizwa kupata ushauri SIDO, shirika lililoanzishwa mwaka 1973 kuhudumia viwanda vidogo.