Rekodi Saba za Soka la Tanga Ambazo Mtoto wa Magoma Anapaswa Kuzijua

Magoma, katika bonde la Lwengera wilayani Korogwe, mpira wa kwanza wa mtoto haununuliwi. Unaokota matambara, unayafunga ndani ya mfuko wa nailoni, kisha unazungushia kamba ya katani na kuikaza mpaka vidole vinauma. Kamba ikilegea, mpira unakufa. Ikikaza vizuri, chandimu inapigwa mpaka giza liingie. Atakayefunga bao atajitangaza kwa jina la nyota wa Simba au Yanga, kwa kuwa hayo ndiyo majina yanayosikika redioni kila siku.

Hakuna ubaya katika hilo. Lakini mkoa wetu nao una vinara wake, na wengi wetu hatuwajui. Hizi hapa rekodi saba za soka la Tanga, za furaha na za majonzi, ambazo hazifai kupotea.

1. Ubingwa pekee wa Bara: Coastal Union, 1988

Coastal Union ilianzishwa mwaka 1948. Mashabiki wanaiita Wagosi wa Kaya: kwa lugha za kwetu mgosi ni mwanaume na kaya ni nyumbani. Mwaka 1988 wanaume hao wa nyumbani walitwaa ubingwa wa Tanzania Bara, na mpaka leo hakuna timu nyingine ya Tanga iliyowahi kuufikia.

Ili uone uzito wake, hesabu klabu za nje ya Dar es Salaam zilizowahi kubeba taji hilo. Mseto ya Morogoro ilishinda 1975. Tukuyu Stars ya Mbeya ilishinda 1986, tena katika msimu wake wa kwanza Ligi Kuu. Ikafuata Coastal, kisha Mtibwa Sugar mwaka 1999 na 2000. Ni klabu nne tu. Tangu Mtibwa, kombe halijatoka tena Dar es Salaam.

2. Mwaka mkubwa kuliko yote: 1988 huohuo

Ubingwa wa Coastal ulikuwa nusu tu ya sherehe. Enzi hizo palikuwa na Ligi ya Muungano, iliyokutanisha timu bora za Bara na za Zanzibar. Bingwa wake mwaka 1988 alikuwa African Sports, Wana Kimanumanu, nao wa Tanga.

Yaani katika mwaka mmoja bingwa wa Bara na bingwa wa Muungano walitoka mji mmoja na walikuwa na uwanja mmoja wa nyumbani, Mkwakwani. Klabu ya Coastal iko barabara ya 11 na ya Sports iko barabara ya 12. Mtu angeweza kutoka kwenye shangwe za huku akaingia kwenye shangwe za kule kwa miguu, bila kutoa jasho.

Wakati huo Tanzania Bara haikuwa na televisheni. Vituo vya kwanza vilianza kurusha matangazo mwaka 1994. Kwa hiyo aliyekuwa mbali na uwanja, awe Magoma, Mashewa au Handeni, ubingwa ule aliupata kwa sikio, kupitia Radio Tanzania Dar es Salaam. Kwa watu wengi wa mkoa huu kumbukumbu ya 1988 ni ya sauti, haina picha.

3. Timu ya Handeni iliyofika juu zaidi: Mgambo

Handeni haikuwa mtazamaji tu. Kikosi cha JKT Mgambo, pale Kabuku, kilikuwa na timu iliyopanda Ligi Kuu kwa msimu wa 2012/13. Ilikaa misimu minne mfululizo, ikichezea Mkwakwani mechi zake za nyumbani. Timu ya kambi ya jeshi, kutoka wilaya isiyo na klabu yenye jina kubwa, ilikuwa ikiwapokea Simba na Yanga kwa ajili ya pointi tatu. Kijana wa Kabuku aliyekua wakati huo hakuhitaji kuambiwa kwamba inawezekana. Alikuwa akiona kwa macho yake.

4. Anguko kubwa kuliko yote: 2016

Msimu wa 2015/16 Tanga ilikuwa na timu tatu kati ya 16 za Ligi Kuu: Coastal Union, Mgambo na African Sports, ambayo ndiyo kwanza ilikuwa imerejea. Mkoa uliotulia kwa miaka mingi ukawa na mechi kubwa karibu kila wiki.

Mwisho wa msimu ziliteremka timu tatu. Zote tatu zilikuwa za Tanga.

Rekodi hii inauma kuiandika, lakini inatufundisha kuliko nyingine zote. Mkoa unaweza kupoteza kila kitu ndani ya msimu mmoja. Wawili kati ya watatu hao, Sports na Mgambo, hawakurudi haraka. Coastal ilisota daraja la chini misimu miwili, kisha ikarejea kwa msimu wa 2018/19.

5. Mabao matatu yasiyo na kombe: Sopu, 2022

Tarehe 2 Julai 2022, Uwanja wa Sheikh Amri Abeid, Arusha, fainali ya Kombe la Shirikisho la Azam. Coastal inakutana na Yanga iliyokuwa imetoka kutwaa ubingwa wa ligi. Kwenye benchi la Coastal yupo Juma Mgunda, aliyewahi kuichezea klabu hiyohiyo.

Abdul Suleiman, anayejulikana zaidi kama Sopu, alifunga la kwanza. Yanga wakarudisha na kupita mbele. Sopu akasawazisha dakika za mwisho, mechi ikaingia muda wa nyongeza, na humo akafunga la tatu. Yanga nao wakachomoa. Dakika 120 zikaisha 3-3, na mabao yote ya Coastal yametoka kwa mtu mmoja. Kwenye mikwaju ya penalti Yanga wakashinda 4-1.

Kufunga mabao matatu kwenye fainali, dhidi ya bingwa wa nchi, halafu ukaondoka bila kombe! Mwaka huohuo Mgunda aliitwa kuinoa Simba, na Sopu akasajiliwa na Azam. Tanga ilikosa kombe, ikabaki na heshima.

6. Lango gumu kuliko yote: Matampi, 2023/24

Msimu huo Coastal ilimaliza nafasi ya nne, nyuma ya Yanga, Azam na Simba. Siri ilikuwa nyuma. Golikipa Ley Matampi kutoka Kongo, aliyekuwa langoni nchi yake ilipotwaa ubingwa wa CHAN mwaka 2016, alicheza mechi 15 za ligi bila kuruhusu bao na akatwaa tuzo ya golikipa bora.

Nafasi ya nne ikawapa Wagosi tiketi ya Kombe la Shirikisho Afrika. Angola, mbele ya Bravos do Maquis, walifungwa 3-0. Marudiano yakaisha 0-0 na safari ikaishia hapo.

7. Nahodha wa kizazi hiki: Bakari Mwamnyeto

Beki huyu wa kati alikomaa Coastal Union, akahamia Yanga mwaka 2020 na kukabidhiwa unahodha. Yanga ilipofika fainali ya Kombe la Shirikisho Afrika mwaka 2023, nahodha wake alikuwa huyu kijana wa Tanga. Walifungwa 2-1 na USM Alger jijini Dar es Salaam, wakaenda Algiers wakashinda 1-0. Kombe lilikwenda kwa Waarabu kwa kanuni ya bao la ugenini. Hakuna fainali ya Afrika ambayo klabu ya Tanzania imeipoteza kwa tofauti ndogo kuliko hiyo.

Rekodi za 5, 6 na 7 zina picha za video, na mjukuu wako ataziona. Ile ya 1988 haina bahati hiyo. Imebaki vichwani mwa wazee waliokaa kwenye majukwaa ya Mkwakwani, na mwa waliozunguka redio moja kwenye kambi za mashamba ya katani. Wazee hao wanapungua kila mwaka.

Kwa hiyo, msomaji wa Magoma, wa Korogwe, wa Handeni: kama nyumbani kwenu yupo mzee wa namna hiyo, mpe shikamoo yake, kaa naye, mwombe akutajie kikosi cha Coastal na cha Sports cha mwaka ule, kuanzia golikipa mpaka winga wa kushoto. Andika kila jina kwenye daftari. Kisha wasomee watoto wa chandimu, ili jioni moja mmoja wao afunge bao na kujitangaza kwa jina la mtu wa kwao.