Pikipiki Kuukuu na Sheria za Mwendo

Katika miaka ya 1950 na 1960, vijana wa Uingereza walikuwa na desturi ya kugeuza pikipiki za kawaida kuwa za mbio. Walikutana katika mikahawa ya kando ya barabara, mmojawapo ukiwa Ace Cafe wa London, uliofunguliwa mwaka 1938. Shabaha yao ilikuwa kufikia maili 100 kwa saa, yaani kilomita 160 hivi. Usukani uliteremshwa, viegemeo vya miguu vikasogezwa nyuma, na vyuma visivyohitajika vikaondolewa.

Je, kijana wa Bukoba au Muleba mwenye pikipiki kuukuu atanufaika akifanya vivyo hivyo? Hebu tupime.

Mpandaji huinama ili kupunguza ukinzani wa hewa. Ukinzani huo hufuata kipeo cha pili cha mwendo: mwendo ukizidi mara mbili, ukinzani huzidi mara nne. Sasa tuchukue pikipiki ambayo, pamoja na mpandaji, ina kilo 180, ikipanda mlima wa Kamachumu kwa kilomita 40 kwa saa, mahali ambapo tuseme barabara huinuka mita 1 katika kila mita 10. Uzito huivuta nyuma kwa kani ya nyutoni 176. Hewa huizuia kwa nyutoni 40 tu, kwa makadirio. Kuinama kukipunguza sehemu ya tano ya ukinzani wa hewa, tumeokoa nyutoni 8. Kuondoa kilo 10 za chuma huokoa karibu nyutoni 10. Katika milima yetu, basi, wepesi hushinda kuinama.

Lakini ni chuma kipi kiondolewe? Si madigadi, maana Bukoba hupata mvua nyingi. Wala kiunzi kisikatwe mbele ya mahali zinapofungwa shokapu za nyuma, kwani hapo ndipo uzito hupokelewa. Tena, viegemeo vikisogezwa, wenzo wa breki ya nyuma nao hubadilishwa. Upande unaokanyagwa ukifupishwa kwa nusu, kani ya breki hupungua kwa nusu. Kosa hilo halionekani karakana, huonekana mteremkoni.

Wachukuzi wa ndizi hufanya kinyume: hurefusha keria. Mikungu ya kilo 60 ikikaa sentimita 30 nyuma ya ekseli ya nyuma, na magurudumu yakiwa yameachana sentimita 120, gurudumu la mbele hupunguziwa kilo 15. Mlimani hupunguziwa zaidi, na usukani huanza kukosa utii.

Mwalimu aweza kuthibitisha jambo hili kwa mizani ya kupimia kahawa. Gurudumu la mbele liwekwe juu ya mizani, la nyuma juu ya ubao wa kimo hicho hicho, kisha mzigo usogezwe nyuma kidogo kidogo. Wanafunzi waandike kila kipimo, wachore grafu, na waonyeshe ni wapi mzigo unapokuwa hatari kwa uhai wa mpandaji.