Utamu wa Bei Ghali Mjini Juba: Keki ya Kikombe, Joto na Dola

Keki ya kikombe ni keki ndogo ya mtu mmoja, inayookwa ndani ya karatasi yenye mikunjo na kuvikwa krimu juu, na mjini Juba, mji mkuu wa Sudan Kusini, imekuja pamoja na mtindo mpana zaidi wa vitamutamu vya bei ghali, yaani vile ambavyo mnunuzi hulipia mapambo, boksi na sifa ya mwokaji kuliko unga na sukari iliyomo. Ili kuelewa vimepataje wateja katika nchi ambayo mfumuko wa bei, yaani kasi ya kupanda kwa bei za bidhaa kwa jumla, ulipita asilimia 800 mnamo Oktoba 2016, inafaa kuanzia sokoni kabla ya kuingia jikoni.

Custom, mtaa na soko ambalo jina lake lina maana ya forodha, ni miongoni mwa masoko makubwa ya Juba, na wafanyabiashara wake wa Sudan Kusini huuza bega kwa bega na Waganda, Wakenya, Waethiopia na watu wa Darfur. Sehemu kubwa ya bidhaa za dukani mjini humo, kuanzia unga wa ngano hadi mafuta ya kupikia, huingia kutoka Uganda kupitia mpaka wa Nimule, kwa barabara ya kilomita 192 iliyotiwa lami kwa fedha za Marekani na kukamilika mwaka 2012, na kila kizuizi kinachowekwa njiani, kiwe cha askari au cha mtoza ushuru, huishia kwenye bei ya keki. Nchi ilijiunga na Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 2016, lakini anayesafirisha mayai kwa lori kutoka Kampala angeshangaa kuambiwa kwamba safari imekuwa nyepesi.

Utamu wenyewe haukuanza na barabara hiyo, kwa kuwa Juba ilikuwa na mapokeo mawili kabla ya krimu ya rangi rangi kufika. Ya kwanza ni ya Khartoum, ya enzi ambayo nchi ilikuwa bado sehemu ya Sudan: basbusa, ambayo ni keki ya semolina iliyonyweshwa shira, kahki, biskuti laini inayonyunyiziwa sukari ya unga na kuandaliwa kwa wingi kuelekea Idi na Krismasi, na zalabia, maandazi madogo ya hamira ambayo mtu wa Mombasa au Unguja angeyatambua mara moja kuwa ni ndugu wa kaimati. Desturi ya Kisudani ni kwamba familia hukanda unga wa sikukuu nyumbani, kisha hupeleka masinia kwenye tanuri la mkate na kulipia moto tu, jambo linaloonyesha kwamba tanuri lilikuwa mali ya mtaa muda mrefu kabla ya kuwa kifaa cha nyumba yenye uwezo. Mapokeo ya pili yalirudi na wakimbizi: baada ya mkataba wa amani wa Januari 2005 na uhuru wa tarehe 9 Julai 2011, watu waliokulia katika kambi ya Kakuma nchini Kenya, Nairobi na Kampala walirejea wakiwa wamezoea keki ya siku ya kuzaliwa na keki ya harusi ya ghorofa kadhaa, pamoja na Kiswahili cha kuziagizia.

Keki ya kikombe imetoka mbali zaidi. Kitabu cha Amelia Simmons kilichochapwa Marekani mwaka 1796 tayari kilitaja keki ya kuokwa katika vikombe vidogo, lakini fahari yake ni ya juzi tu: Magnolia Bakery ilifunguliwa New York mwaka 1996 na ikapata umaarufu kupitia tamthilia ya televisheni, na Sprinkles ikafuata Beverly Hills mwaka 2005 ikiwa na duka la keki za vikombe pekee. Kampuni ya Crumbs, iliyofika hadi soko la hisa la Nasdaq, ilifunga maduka yake Julai 2014, na anguko hilo liliwakumbusha wengi kwamba bidhaa ambayo kila mwenye tanuri anaweza kuiiga haikingwi na jina peke yake.

Mjini Juba kikwazo ni kingine kabisa, nacho ni joto. Krimu ya kawaida ya keki hizi hutengenezwa kwa kupiga siagi pamoja na sukari ya unga, mara nyingi sehemu moja kwa mbili, na siagi huyeyuka inapofikia nyuzi 32 hadi 35 za Selsiasi, ilhali alasiri za Februari na Machi mjini humo hupita kiwango hicho bila shida. Mnamo Machi 2024 serikali ilifunga shule kwa sababu ya joto. Ua la krimu lililosimama wima saa mbili asubuhi linaweza kulala ubavuni kabla ya adhuhuri, likiwa limeacha mafuta kwenye karatasi. Ndiyo maana waokaji wa nchi za joto hubadilisha siagi, yote au sehemu yake, kwa mafuta magumu ya mimea, yanayostahimili zaidi lakini huacha utando mdomoni, au hufunika keki kwa fondanti, yaani sukari iliyokandwa na kusukumwa kama chapati, ambayo nayo hutoa jasho ikitolewa kwenye friji na kuwekwa mezani. Kati ya ladha na umbo, mteja wa vitamutamu vya bei ghali kwa kawaida huchagua umbo, kwa sababu picha hupigwa kabla ya kuliwa.

Friji na tanuri vinahitaji umeme. Wanaoupata nchini hawafiki asilimia 10 ya wananchi, na hata baada ya mtambo wa megawati 33 kuzinduliwa Juba Novemba 2019, jenereta imebaki kuwa tegemeo la biashara nyingi. Asiyekuwa nayo huoka kwa kupalia, makaa juu na makaa chini ya sufuria iliyofunikwa, na keki hutoka nzuri sana. Kinachomshinda ni kuihifadhi. Kwa hiyo bei kubwa ya keki ya kikombe ni, kwa sehemu kubwa, bei ya baridi.

Wanaoimudu bei hiyo ni wachache, nao kwa miaka mingi wamekuwa hasa watu wanaopokea mshahara wa dola: wafanyakazi wa Umoja wa Mataifa, wa mashirika ya misaada na wa mabenki, wakiwemo walioajiriwa na taasisi za Kenya kama KCB, iliyofika Juba mwaka 2006. Pauni ya Sudan Kusini ilipoachiwa ijitafutie thamani sokoni Desemba 2015, dola ilipanda kutoka pauni 3 hivi hadi zaidi ya 18 kwa usiku mmoja, na pengo kati ya wanaolipwa kwa dola na wanaolipwa kwa pauni likawa la kudumu. Bomba la mafuta ghafi yanayoipatia serikali mapato lilipoharibika Februari 2024, watumishi wa serikali walikaa miezi bila mishahara, na shirika la misaada la Marekani, USAID, lilipofungwa rasmi Julai 2025, hata upande wa dola ukapungukiwa wateja.

Keki nzima ya sherehe, inayokatwa mbele ya wageni na kugawiwa ukoo, ina uhakika wa wateja kuliko keki ya kikombe, kwa kuwa harusi haiahirishwi kwa ajili ya kiwango cha dola, wakati keki ya mtu mmoja ndiyo ya kwanza kufutwa kwenye matumizi. Msomaji wa Sudan Kusini aliyeko ughaibuni, Omaha au Melbourne, anayetaka kumwagizia mama yake keki huko Juba na alipe keki nzima, aombe iwe na krimu kidogo, na apange ifikishwe kabla ya saa nne asubuhi.