Dodoma: Jiji Lililopangiwa Kukua na Wakazi Wanaotafuta Pa Kukaa

Ukuaji wa miji mingi ya Tanzania haukuamuliwa na mtu yeyote: watu walifuata kazi, soko, shule au ndugu aliyetangulia, na mamlaka zikaja nyuma yao kupima mitaa ambayo tayari ilikuwa imejaa. Historia ya Dodoma ni tofauti, kwa kuwa kukua kwake kulikuwa lengo la serikali. Mwaka 1973 chama cha TANU kiliamua makao makuu ya nchi yahamishwe kutoka Dar es Salaam, na mwaka huohuo ikaundwa Mamlaka ya Ustawishaji Makao Makuu, iliyozoeleka kwa jina la CDA, ikakabidhiwa kazi ya kupanga mji, kupima viwanja na kusimamia ujenzi. Uhamisho huo ulikusudiwa kukamilika ndani ya miaka 10, lakini vita vya Kagera vya 1978 na 1979, pamoja na ugumu wa uchumi uliofuata, viliuchelewesha, hata mji ukaendelea kukua kwa mwendo wa taratibu kwa zaidi ya miongo mitatu.

Hali ilibadilika Julai 2016, Rais John Magufuli alipotangaza kwamba serikali yote itahamia Dodoma. Sensa ya mwaka 2012 ilihesabu wakazi 410,956 katika manispaa. Sensa ya mwaka 2022 ikahesabu 765,179, yaani nyongeza ya watu zaidi ya 354,000 katika miaka 10. Ikichukuliwa kwamba kaya moja ina watu 4, nyongeza hiyo ilihitaji makazi mapya yapatayo 88,000, ambayo ni sawa na kukamilisha makazi 24 kila siku, Jumapili na sikukuu zikiwamo, kwa miaka yote 10. Hakuna shirika la umma nchini lililowahi kujenga kwa kasi hiyo, na kwa hiyo sehemu kubwa ya mzigo huo imebebwa na wananchi wenyewe, kwa fedha zao na kwa mafundi wa mtaani.

Namna wanavyoubeba inastahili kuangaliwa kwa karibu. Mkopo wa nyumba, yaani fedha ambazo benki humkopesha mnunuzi au mjenzi kwa dhamana ya nyumba yenyewe na kulipwa kwa miaka mingi, bado unawafikia Watanzania wachache sana, kwa sababu riba yake ni kubwa na kwa sababu unadai hati miliki na kipato kinachothibitika. Asiye na mkopo hujenga kwa hatua: hununua kiwanja, huchimba msingi, hukusanya tofali, husimamisha boma, hufunga renta, kisha husubiri, pengine miaka, hadi apate fedha za kupaua. Maboma yasiyo na paa yanayoonekana pembezoni mwa jiji ni akiba ya watu iliyogeuzwa kuwa kuta, na wakati wote yanapokuwa hivyo wenyewe huendelea kulipa kodi kwingine.

Kodi ndiyo inayowabana zaidi wenye kipato kidogo. Kipimo kinachotumika mara nyingi husema kwamba nyumba ni ya gharama nafuu ikiwa kaya inaweza kuilipia bila kuzidi takriban theluthi moja ya kipato chake, ili kinachobaki kitoshe chakula, ada na matibabu. Kipimo hicho kinafaa, ila hakionyeshi desturi ya kudai kodi ya miezi sita au ya mwaka mzima kwa mkupuo. Mpangaji wa chumba cha shilingi 60,000 kwa mwezi anayetakiwa kulipa miezi sita huhitaji shilingi 360,000 mkononi, na dalali akichukua kodi ya mwezi mmoja, jumla hufika 420,000 kabla godoro halijaingia ndani. Mtumishi wa umma huweza kukopa kwa dhamana ya mshahara wake. Mama lishe, mlinzi na dereva wa bodaboda, ambao jiji la watumishi haliwezi kuishi bila wao, hawana pa kukopa ila kwenye vikoba au kwa mkopeshaji wa riba kali. Tangu Sheria ya Udhibiti wa Kodi ilipofutwa mwaka 2005, makubaliano ya aina hiyo yameachwa mikononi mwa mwenye nyumba na mpangaji, na mwenye nguvu katika mazungumzo hayo anajulikana.

Upande wa ardhi kuna jambo lililo zito zaidi, kwa maana maeneo kama Nzuguni, Iyumbu, Ihumwa na Mtumba yalikuwa vijiji na mashamba ya Wagogo, waliolima uwele, mtama na zabibu kabla ya kupimwa viwanja. Malalamiko kuhusu fidia na bomoabomoa yalikuwa miongoni mwa sababu zilizofanya CDA ivunjwe Mei 2017 na majukumu yake yahamishiwe kwa halmashauri, na umiliki wa viwanja ukaongezwa kutoka miaka 33 hadi 99. Marekebisho hayo yaliwapa wamiliki usalama mkubwa, na ni haki kuyasifu. Lakini usalama wa mwenye hati haukumfikia mpangaji, na kiwanja chenye hati ya muda mrefu hununuliwa pia na mtu asiyekusudia kujenga, anayekiacha pori akisubiri bei ipande. Mnunuzi wa kipato cha chini husukumwa mbali zaidi, ambako maji na barabara havijafika, au hubanana katika mitaa isiyopimwa kama Chang'ombe.

Umbali huo nao ni gharama. Mji wa Serikali umejengwa Mtumba, takriban kilomita 17 kutoka katikati ya jiji, na anayefanya usafi katika ofisi za wizara huku akiishi upande wa pili wa jiji hulipa nauli ya kwenda na kurudi kila siku, fedha ambazo haziingizwi katika hesabu ya kodi ingawa zinatoka katika mfuko uleule. Mipango ya jiji kwa muda mrefu imehesabu mafanikio kwa idadi ya viwanja vilivyopimwa, wakati mahitaji ya wengi ni vyumba vya kupanga. Halmashauri ina uwezo wa kutenga viwanja vidogo kando ya barabara ya Mtumba kwa ajili ya nyumba za vyumba vingi, na kuvitoa kwa sharti kwamba kodi ilipwe mwezi kwa mwezi na kwamba kiwanja kisichojengwa katika muda uliowekwa kirudishwe.