Buti ya sivijointi: mpira mdogo unaoweza kukuachia maziwa njiani



Leo naweka pembeni mbegu na ukungu wa viazi, nataka tuongee kuhusu gari. Najua wapo watakaosema, "Bwana shamba naye sasa amekuwa fundi?" Hapana. Ila mazao yasiyofika sokoni ni hasara sawa na yaliyoliwa na wadudu, na huku Isongole tunazalisha vitu visivyopenda kungoja, hasa maziwa.

Msimu wa mvua uliopita nilikuta Probox ya maziwa imekwama kwenye njia ya kutoka mashambani, haijafika hata lami ya Uyole–Tukuyu. Injini inaunguruma, gia imeingia, gari halisogei. Nyuma kuna keni za maziwa ya asubuhi za wafugaji kadhaa. Dereva, kijana ninayemfahamu, akaniambia, "Shikamoo bwana shamba. Lilianza kulia ta-ta-ta tangu wakati wa palizi, nikasema nitalishughulikia tukishavuna."

Tulipoinama kuangalia tairi la mbele, ringi kwa ndani ilikuwa nyeusi kwa grisi na buti ilikuwa imepasuka mzunguko mzima. Jointi yenyewe ilikuwa imeachia. Mpaka gari lingine lipatikane ilikuwa inakaribia saa saba mchana, na maziwa yalipofika yakakatika kwenye kipimo cha spiriti. Yakakataliwa yote. Walioumia zaidi ni wenye ng'ombe mmoja, ambao lita zao tano ndizo chumvi, sabuni na daftari la mtoto.

Hasara yote hiyo ilianzia kwenye mpira uliochanika. Ndiyo maana naandika.

Buti inafanya kazi gani?

Magari yanayovutwa na matairi ya mbele, kama Probox, Spacio, Raum na IST nyingi, hupeleka nguvu kutoka gia boksi hadi kwenye matairi kwa draivushafti mbili, kulia na kushoto. Kila shafti ina jointi mbili: ya ndani upande wa gia boksi, na ya nje upande wa tairi. Hiyo ya nje ina kazi ngumu kweli. Inazunguka muda wote, na hapohapo inakunja kona pamoja na tairi, bila mwendo kurukaruka. Ndani yake mara nyingi kuna gololi sita za chuma kigumu. Mtindo huu ulibuniwa na injinia Alfred Rzeppa wa kampuni ya Ford katika miaka ya 1920, na gari dogo la Kiingereza, Mini, lililotoka mwaka 1959, lilichangia sana kuueneza.

Gololi hizo zinaishi ndani ya grisi. Buti ni ule mpira wenye mikunjo kama mvukuto wa mhunzi, unaoifunika jointi. Kazi zake ni mbili tu: grisi isitoke, uchafu usiingie.

Mwenye Canter au Fuso ya kawaida inayosukumwa na matairi ya nyuma, wewe una propela shafti yenye krosi, hiyo ni habari nyingine. Lakini kirikuu au Noah ya 4WD inazo buti mbele, kwa hiyo endelea kusoma.

Kwa nini huku kwetu zinachakaa haraka

Mpira wowote huzeeka na kupata nyufa. Ila sisi tuna la ziada: udongo wetu ni wa volkano. Vile vijiwe vyepesi vyenye matundu unavyoviona ukilima ndivyo watu wanavyosugulia visigino. Sasa fikiria kijiwe cha kusugulia kisigino kimesagika, kimechanganyika na matope, kimeingia kwenye grisi ya gololi. Hiyo si grisi tena, ni msasa. Buti ikipasuka kiangazi unaweza kubahatika. Ikipasuka mvua zikiwa zimeanza, jointi haichukui muda mrefu.

Ongeza mzigo wa lumbesa, makorongo, vijiti vya njiani na oili ya injini inayovujia kwenye mpira na kuulainisha. Wengine wanachana buti wenyewe kwa kusogeza karibu mno ile pampu ya kuoshea gari.

Kagua kila wiki, dakika tano tu

1. Kata usukani mpaka mwisho, zima gari, vuta hendibreki. Chungulia nyuma ya tairi la mbele. Rudia upande wa pili.
2. Tanua mikunjo ya buti kwa vidole. Nyufa huanzia chini kwenye mkunjo, ukitazama kwa juu hutaziona.
3. Angalia ringi kwa ndani. Michirizi ya grisi nyeusi maana yake buti imeshachanika au klampu imelegea.
4. Kwenye uwanja wazi endesha polepole usukani ukiwa umekatwa mpaka mwisho, kulia kisha kushoto. Mlio wa ta-ta-ta ni dalili ya jointi ya nje. Gari likitetemeka unapoongeza mwendo kwenye njia iliyonyooka, mshuku wa ndani, ingawa kuna mengine yanayoleta mtetemo.

Ukikuta buti imechanika lakini hakuna mlio, shukuru Mungu na uende gereji wiki hiyohiyo. Bado unalipia mpira, grisi na ufundi. Ukingoja mlio, utalipia jointi au shafti nzima. Ufundi ni uleule, maana kwa vyovyote shafti itashuka.

Kazi yenyewe: simama umuone fundi

Huna haja ya kuifanya mwenyewe. Lakini ukijua hatua zake, hutapigwa.

Nati ya hab hulegezwa gari likiwa bado chini, maana imekazwa kwa nguvu kubwa. Kisha gari linanyanyuliwa na kuwekwa juu ya stendi imara. Udongo wetu ni laini: weka ubao mpana chini ya jeki, weka mawe kwenye matairi ya nyuma, na mtu asiingize mwili chini ya gari linaloshikiliwa na jeki peke yake.

Tairi linatolewa, bol jointi ya chini inaachanishwa, shafti inasukumwa itoke kwenye hab. Fundi asiipige nyundo ya chuma moja kwa moja kwenye nyuzi za shafti, wala asiiache ining'inie. Ikichomolewa kwenye gia boksi, oili itamwagika, hivyo chombo cha kukingia kiwe tayari.

Kwenye Toyota nyingi jointi ya ndani ndiyo inayofunguliwa, kisha buti zote mbili zinaingizwa kupitia upande huo. Fundi makini huweka alama za rangi kabla ya kutenganisha, ili kila kitu kirudi kilipokuwa.

Hapa ndipo pa kusimamia: grisi yote ya zamani itoke. Jointi ioshwe, ikaushwe kabisa, gololi na njia zake zikaguliwe. Ukiona vishimo au mfereji unaokwaruza kucha, buti mpya haitasaidia, jointi imekwisha. Ikiwa nzima, inawekwa grisi maalumu nyeusi ya sivijointi, ile yenye molibdeni, kwa kiasi kinachokuja na buti. Grisi ya kawaida ya kwenye ndoo haifai.

Buti ikae kwenye mfereji wake, isijisokote, hewa iliyobanwa ndani iachiwe, ndipo klampu zikazwe. Nati ya hab iwe mpya au pini yake iwe mpya, kufuatana na aina ya gari, na ikazwe kwa spana ya kipimo kama kitabu cha gari kinavyosema. Mwisho kabisa, oili ya gia boksi irudishwe kwenye kiwango chake. Hilo husahaulika sana, na gia boksi haina msamaha.

Kwa kuwa shafti imeshashuka, badilisha buti ya ndani na ya nje kwa pamoja.

Usikubali haya

Kufunga buti kwa waya wa bendera au kamba ya mpira wa tairi. Waya unakata mpira, na ile kamba inalegea. Kuzungushia nailoni ni sawa kama unajikongoja kufika gereji, si kwa kubebea mzigo wa msimu. Kujaza grisi mpya juu ya ile yenye mchanga ni kupoteza hela. Ukinunua shafti ya mtumba, kagua buti zake palepale dukani, kunja na kunjua jointi kwa mkono, usiridhike na rangi iliyopakwa jana.

Bei siandiki, zinabadilika. Ulizia Uyole, ulizia Tukuyu mjini, kisha linganisha.

Likikuachia njiani

Shafti ikiachia, nguvu yote inakimbilia upande uliokatika, ndiyo maana gari halisogei. La hatari zaidi: gari la otomatiki likiwa kwenye P linaweza kuserereka, kwa sababu P hulizuia kupitia shafti hizohizo. Kwenye miteremko yetu vuta hendibreki na weka mawe kwanza, halafu ndiyo upige simu.

Na ile grisi na oili chafu usimwage shambani wala kwenye kijito. Vijito vyetu wengine wanakunywa huko chini. Iachie gereji.

Yule kijana sasa anachungulia matairi kila Jumapili kabla ya kuosha keni. Wafugaji wake wamerudi, si wote. Nawe jioni ya leo kata usukani, uchungulie.

Tukutane shambani.